Ua Ulio Hai: Kuchagua na Kukuza Miti Mifupi ya Kuzungushia Nyumba

Lugha yetu ya Kiswahili ina neno moja lenye maana mbili zilizo jirani. Ua ni lile chanuo la mmea lipendezalo macho, na wingi wake ni maua. Na ua ni uzio unaozunguka nyumba, na wingi wake ni nyua. Mtu apandaye miti mifupi kuzunguka makazi yake huzikutanisha maana hizo mbili mahali pamoja. Hupata uzio, na mara nyingi hupata maua pia.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ya kuichagua miti hiyo, kuipanda na kuitunza. Yameandikwa hasa kwa ajili ya wanachama wa pande za Kerenge na Magoma, chini ya milima ya Usambara, na wenzao wa Handeni ambako mvua ni haba zaidi. Hata hivyo, kanuni zake zaweza kumfaa mkulima wa mahali popote. Jambo kuu tunaloomba lishikwe ni hili: ua huishi miaka mingi kuliko mazao yote ya shambani, na pengine kuliko aliyeupanda. Kwa hiyo muda wa kufikiri ni kabla ya kupanda. Baada ya hapo ni gharama ya kung'oa.

KWA NINI UA ULIO HAI

Wengi wetu tumezoea uzio wa fito au wa matawi ya miiba. Uzio huo husimama upesi, lakini hauna maisha. Mchwa huanza kuula kutoka chini, jua na mvua huumaliza kutoka juu, na baada ya msimu mmoja au miwili mwenye nyumba hurudi porini na panga lake. Kila urudiaji huo ni siku za kazi zilizopotea, na ni miti michanga iliyokatwa kabla haijakua. Pale vijiji vilipokaribiana na msitu, hasara hii huonekana kwa macho.

Uzio wa waya nao ni imara, ila bei yake humshinda mkulima wa kawaida. Baina ya fito zinazooza na waya usionunulika, pana ua ulio hai. Gharama yake kubwa ni jasho la msimu wa kwanza. Kadiri miaka ipitavyo huzidi kuwa imara badala ya kuchakaa. Huzuia mbuzi na kuku wa kuzurura, hupunguza vumbi na nguvu ya upepo, hushika udongo usichukuliwe na maji ya mvua, na huwapa wenye nyumba sitara. Baadhi ya nyua huleta pia majani ya kulisha ng'ombe, matunda ya watoto, au bidhaa ya kupeleka sokoni.

MASWALI MANNE KABLA YA KUKATA KIPANDIKIZI

Desturi yetu ni kuchukua kipandikizi kwa jirani kwa sababu mmea wake umestawi au una maua mazuri. Kuombana mbegu ni jambo jema, lakini kwanza mwanachama ajiulize maswali manne.

La kwanza: ua huu ni wa kazi gani? Ua wa kuzuia mbuzi wataka miiba au utomvu usiopendwa na wanyama, nao uwe mnene tangu chini. Ua wa kulisha ng'ombe wataka majani mengi na laini, na ni dhahiri kwamba mmea apendao ng'ombe hauwezi kumzuia ng'ombe wa jirani asiule. Ua wa pambo mbele ya nyumba hautaki miiba mahali watoto wachezapo. Asiyebainisha kazi ya ua wake hupanda mmea mmoja akitaraji ufanye kazi zote, kisha huulaumu.

La pili: ardhi yangu na mvua yangu zikoje? Katika wilaya za Korogwe na Handeni tuna misimu miwili ya mvua: masika, kuanzia mwezi Machi hadi Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Lakini mvua ya Bungu au Vugiri, huko milimani, si sawa na ya bondeni, na ya bondeni si sawa na ya Handeni. Tena kuna udongo mwekundu upitishao maji, na udongo mweusi utuamishao maji. Mmea mwingi wa ukame hufa ukisimama katika maji kwa wiki mbili, na mmea upendao unyevu hukauka kileleni mwa kilima chenye mawe.

La tatu: mmea huu una madhara gani? Mimea mingi ya ua hukataliwa na wanyama kwa sababu ina sumu. Sumu hiyo haimbagui mtoto. Hapana budi kujua ni sehemu gani yenye madhara: utomvu, mbegu, majani au miiba.

La nne: utakuwa mkubwa kiasi gani, na ni nani atakayeupunguza? Mti uwezao kufikia urefu wa mita sita utataka panga mara mbili au tatu kwa mwaka maisha yake yote. Nyumba yenye vijana wanne yaweza kazi hiyo. Bibi mzee akaaye na wajukuu wadogo hawezi, naye afadhali achague mmea ukuao polepole.

MIMEA INAYOFAA NA SIFA ZAKE

Mnyaa. Huu ni mmea wa ua ujulikanao kuliko yote katika sehemu kavu. Hauna majani ya kutajika; ni vijiti vya kijani vyenye utomvu mweupe. Hushika kwa kipandikizi, hustahimili ukame mkali, na mifugo haiuli. Kwa Handeni ni vigumu kuupata mmea wa kuushinda. Lakini utomvu wake ni hatari kwa macho: tone moja laweza kuleta maumivu makali na kumfanya mtu asione kwa siku kadhaa, na likipuuzwa laweza kuleta madhara ya kudumu. Anayeukata afunike macho na mikono, asimame upande utokako upepo, na asiruhusu watoto kuvunja vijiti vyake kwa mchezo. Utomvu ukiingia jichoni, jicho lioshwe mara moja kwa maji safi mengi, kwa muda mrefu, kisha mgonjwa apelekwe zahanati bila kungoja kesho. Mnyaa ufaao ni ule wa mpaka wa mbali au wa zizi. Mlangoni, na mahali watoto wachezapo, usipandwe.

Mchongoma. Jina hili hutumika kwa zaidi ya mti mmoja wenye miiba, kwa hiyo anayeomba mbegu auone kwanza mti wenyewe. Kwa jumla michongoma ni walinzi wazuri: ikikatwa mapema na mara kwa mara hufumana hata kuku asipite. Aghalabu hupandwa kwa mbegu. Wenzetu wa Kenya hupanda sana mmoja waitao mkayaba, wenye asili ya Afrika ya Kusini. Una miiba mirefu na matunda ya manjano yaliwayo, nao hufaa zaidi katika miinuko kuliko bondeni. Mkayaba una miti dume na miti jike; usipokuwapo dume karibu, jike halizai vema. Apandaye kwa ajili ya matunda apande michache ya mbegu mbalimbali na asitegemee mti mmoja.

Mbono kaburi. Hushika upesi kwa vipandikizi, mifugo haiupendi, na hustahimili ukame. Wazee waliupanda makaburini na mipakani. Katika miaka ya 2000 ulisifiwa sana nchini kuwa mbegu zake zingetoa mafuta ya kuendeshea mitambo, na watu wengi wakaahidiwa utajiri ambao haukuonekana. Kama ua, thamani yake ipo palepale. Ila mbegu zake, ambazo ladha yake haiwakatazi watoto, huleta kutapika na kuhara kukali. Ukipandwa karibu na nyumba, matunda yaangushwe kabla hayajakomaa.

Glirisidia. Huu ni mti wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Asili yake ni Amerika ya Kati, nao umo katika kundi la mimea ya jamii ya kunde, hivyo huurutubisha udongo. Hupandwa kwa fimbo ndefu ya mita moja na nusu hivi, yenye unene wa kifundo cha mkono, nayo huchipua ikiwa imekwisha kuwa nguzo. Majani yake ni chakula kizuri cha ng'ombe na mbuzi. Mara ya kwanza wanyama huikataa harufu yake. Yakate, yaache yanyauke kwa siku moja, ndipo uwape kidogo kidogo pamoja na majani mengine, yasizidi theluthi moja ya chakula chote. Kwa kuwa hupendwa na mifugo, glirisidia ifae upande wa ndani, nyuma ya ua wa miiba au wa mnyaa.

Mhina. Ni mti mfupi uvumiliao jua na ukame, ukubalio kukatwa mara nyingi, na wenye maua madogo ya harufu nzuri. Majani yake yakikaushwa kivulini na kusagwa ni hina ile ile ipakwayo na maharusi wa mwambao wote. Nyumba yenye ua wa mhina ina bidhaa mlangoni. Hupandwa kwa vipandikizi, au kwa mbegu zilizolowekwa kwanza.

Bogenivilia na hibiskasi. Hizi ni za pambo, ila zina kazi pia. Bogenivilia, yenye asili ya Amerika ya Kusini, ina miiba na hupenda jua. Hata huchanua zaidi ikipata kiu kidogo kuliko ikimwagiliwa kila siku. Rangi zake tunazoziita maua ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kidude cheupe kilichomo ndani yake. Yafaa Handeni na bondeni pia. Hibiskasi hupenda unyevu zaidi. Mahali pake pazuri ni karibu na bafu au pale vyombo vioshwapo, ili inywe maji ambayo yangetuama na kuzaa mbu.

Mkonge. Mkoa wetu wa Tanga hauhitaji kuelezwa habari za mkonge. Ukipandwa mpakani kwa safu mbili huzuia ng'ombe, ingawa mbuzi hodari hupenya. Ncha zake ni hatari kwa macho, kwa hiyo usipandwe kando ya njia ipitayo watoto wa shule. Pamoja na hayo mkonge unatufundisha jambo la kukumbuka. Dakta Richard Hindorf alipouleta mwaka 1893, miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutoka katika miche hiyo yalitokea mashamba yaliyoenea mkoa mzima na kupita mipaka yake. Ndivyo mmea ulivyo: michache ikipata ardhi iipendayo huijaza nchi, kwa heri au kwa shari.

MIMEA YA KUEPUKA

Shari hiyo tumeiona katika lantana. Mwanachama ataitambua kwa maua yake madogo yaliyokusanyika katika kichwa kimoja, mara nyingi ya rangi mbili au tatu pamoja, kwa majani yake ya kukwaruza yenye harufu kali yakisuguliwa, na kwa matunda mabichi ya kijani yageukayo meusi. Asili yake ni Amerika ya joto. Watu waliisafirisha duniani kote kuwa pambo la bustani na mmea wa ua. Huko India na Australia ilitoka bustanini ikaingia malishoni na misituni, na hadi leo mataifa hayo yanahangaika nayo. Kwetu pia imeingia.

Ubaya wake ni wa namna tatu. Kwanza, ndege hula matunda yake na kudondosha mbegu mahali pasipopandwa, hivyo ua wa mtu mmoja huwa kichaka cha kijiji. Pili, majani yake humdhuru mnyama: ini huharibika, na ngozi isiyo na rangi hubabuka akikaa juani. Aghalabu wanaoila ni wanyama wenye njaa wakati wa kiangazi, au wageni wasioijua. Tatu, vichaka vyake ni maficho, na katika Afrika ya Mashariki vimeonekana kuwa makao ya mbung'o. Mwenye lantana asiikate tu, kwani kisiki huchipua upya. Aing'oe na mizizi kabla haijazaa, na apande kitu kingine hapohapo ili mahali pasikae wazi.

Jambo hili limetokea pia jirani zetu kabisa. Huko Amani, katika Usambara ya Mashariki, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, wakapanda humo miti ya namna nyingi kutoka kila upande wa dunia. Mingi ilikaa pale ilipopandwa, na mingine ilitufaa. Lakini baadhi ilivuka. Mti ambao Waganda huuita musizi, ulio mwenyeji kwao, ulipoletwa ulienea katika misitu ya Usambara ya Mashariki, hasa pale ilipokuwa imekatwa miti yake ya asili. Mti mfupi uitwao klidemia, kutoka Amerika, nao umetambaa chini ya miti hiyo. Tukumbuke kwamba milima hiyo ndiyo chanzo cha maji ya mabonde yetu, na ni nyumbani kwa mimea isiyopatikana kwingine. Ua lile dogo la zambarau lipandwalo madirishani Ulaya na Marekani, lililopewa jina la Saintpaulia kwa kumbukumbu ya Mjerumani aliyelipeleka kwao mwaka 1892, lilitoka katika nchi hii ya Usambara. Mwenye hazina namna hiyo hana budi kuwa mwangalifu na kile anachokileta kando yake.

Mimea mingine ya kuangaliwa ni oleanda, ya waridi au nyeupe, na ndugu yake ya manjano. Zote huonekana katika bustani za mijini. Kila sehemu yake ina sumu, na mbegu za ile ya manjano zimeua watu katika nchi mbalimbali. Hazina nafasi katika nyumba yenye watoto au mifugo. Duranta, yenye vitunda vya manjano kama shanga, nayo ina sumu katika vitunda hivyo; anayeipenda aikate kabla haijazaa.

KUPANDA

Kazi huanza wakati wa kiangazi, mwezi Januari na Februari, kabla ya masika. Kwanza pimeni mstari kwa kamba. Kisha chimbeni mfereji wenye kina cha sentimita 30 hadi 45 na upana kama huo. Udongo wa juu uwekwe upande mmoja na wa chini upande mwingine. Mfereji ujazwe kwa udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyoiva. Samadi mbichi huunguza mizizi michanga na huwaita mchwa.

Tufanye hesabu. Kiwanja chenye urefu wa mita 40 na upana wa mita 30 kina mzunguko wa mita 140. Tukiondoa mita 4 za lango, zabaki 136. Tukipanda kila baada ya sentimita 30 twahitaji vipandikizi 450 hivi kwa safu moja. Kwa kuwa vingine havitashika, mwanachama aandae 550. Akitaka safu mbili, idadi iwe maradufu, na mimea ya safu ya pili ielekezwe kwenye nafasi za safu ya kwanza. Hesabu hii ifanywe mapema, maana wengi huanza na vipandikizi 100, huishia nusu ya upande mmoja, na ua wenye mwanya wa mita tano si ua.

Vipandikizi vikatwe katika matawi yaliyokomaa, yasiyo laini sana wala makongwe. Vya mnyaa viwe na urefu wa sentimita 20 hadi 30, nao hulazwa kivulini siku chache ili utomvu ukauke kabla ya kupandwa. Vya mhina, hibiskasi na bogenivilia viwe na macho matatu au manne, na vipandwe upesi kabla havijanyauka. Kichwa na mguu wa kipandikizi visigeuzwe: ule upande uliokuwa karibu na shina ndio uingiao ardhini. Theluthi moja hadi nusu ya urefu wake ifukiwe, na udongo ushindiliwe kwa mguu. Siku ya kupanda ni baada ya mvua ya kwanza iliyolowesha udongo barabara. Manyunyu ya siku moja yasimdanganye mtu.

Ua uwe mbali na ukuta wa nyumba kwa mita mbili angalau. Kichaka kilichoshikana na nyumba ni njia ya nyoka na mchwa, na hakimruhusu mtu kukarabati ukuta wake.

KUTUNZA

Adui wa ua mchanga ni mbuzi na magugu. Mbuzi azuiliwe kwa matawi ya miiba msimu wa kwanza. Hapo ndipo uzio wa zamani ufanyapo kazi yake ya mwisho. Magugu yapaliliwe nusu mita kila upande. Vipandikizi vilivyokufa vibadilishwe wakati wa vuli. Yule angojaye masika ya mwaka wa pili atakuta majirani wa ile nafasi wamekua na kuunyima mmea mpya jua.

Samaki mkunje angali mbichi. Kosa kubwa kuliko yote katika nyua zetu ni kuuacha mmea urefuke mpaka ufike kichwani, ndipo ukatwe. Mmea ulioachwa hivyo huwa na majani juu na miguu mitupu chini, na kuku hupita kama apitaye mlangoni. Mmea ukifika sentimita 40 ukatwe ncha yake ubaki 30. Utatoa matawi ya pembeni. Yakikua, yakatwe tena. Hivyo ua hupanda ngazi kwa ngazi, ukiwa mnene tangu mguuni. Ukishakomaa, uwe mpana chini na mwembamba juu, ili jua liyafikie majani ya chini. Mahindi yapandwe mita moja au zaidi kutoka kwenye ua, kwa maana mizizi hugombea maji na chakula.

UA NA MPAKA

Sasa tufike kwenye jambo lililo zito. Katika vijiji vyetu ua ni shahidi wa mpaka. Tuchukue mfano wa mama aliyefiwa na mumewe. Mume alijua mpaka ulipopita. Yeye aliambiwa tu kwamba unafuata ile miti. Jirani naye amepanda ua mpya, hatua mbili ndani ya shamba la marehemu, na ule wa zamani umekauka. Baada ya miaka kumi, watoto wa mama huyo watashindana na mti uliostawi, nao hawana maneno ya kuushinda. Ua uliopandwa bila makubaliano waweza kuwa dhuluma, hata kama aliyeupanda hakukusudia.

Kwa sababu hiyo tunashauri mambo matatu. Mosi, kabla ya kuchimba mfereji majirani wote wa mpaka huo waitwe, wake kwa waume, na kamba ivutwe mbele yao na mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Pili, kila pembe ya kiwanja ipandwe masale, ule mmea ambao Wasambaa, Wapare na Wachaga wamekuwa wakiutumia kwa vizazi vingi kuwa alama ya mpaka. Masale hukaa miaka mingi, na akiyang'oa mtu, kijiji kizima hufahamu kwamba amefanya kosa. Tatu, makubaliano hayo yaandikwe na kutiwa sahihi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 imeweka Baraza la Ardhi la Kijiji kwa ajili ya kuwapatanisha watu wenye migogoro ya namna hiyo, na imeweka hatimiliki ya kimila kwa anayetaka uthibitisho wa maandishi. Miti na maandishi visaidiane.

WAJIBU WA VYAMA VYA MSINGI

Mwanachama mmoja akihitaji vipandikizi 550, wanachama 50 watahitaji 27,500. Idadi hiyo haipatikani kwa kuvunja matawi ya jirani. Lakini chama cha msingi chaweza kutenga kipande kidogo cha ardhi na kupanda mimea mama ya aina nne au tano: mnyaa kwa ajili ya mahali pakavu, mchongoma wa miiba, glirisidia kwa wafugaji, mhina, na hibiskasi kwa ajili ya pambo. Baada ya mwaka mmoja au miwili mimea hiyo itaanza kutoa vipandikizi kila msimu. Mwanachama apewe kwa zamu, na kila anayechukua arudishe siku moja ya kazi katika kitalu. Aidha, kamati iandike katika daftari nani alichukua nini na kilishika kiasi gani, ili baada ya misimu michache tujue kwa hakika ni mmea upi ufaao udongo upi katika eneo letu.

Kazi za pamoja za mfereji nazo zafaa kufanywa kwa msaragambo. Mita 136 ni kazi ya kumchosha mtu mmoja kwa wiki kadhaa, na ni kazi ya siku moja kwa watu ishirini.

Ndugu Wanachama, msimu wa kuchimba haungoji. Anayetaka ua wake ushike katika masika ijayo aanze leo kwa kuzunguka kiwanja chake kwa miguu, akihesabu hatua, akiangalia maji hupita wapi na watoto hucheza wapi, kisha abishe hodi kwa jirani yake wazungumze juu ya mpaka. Kipandikizi kitafuata baadaye. Ua uliopandwa kwa utaratibu huo utawahifadhi wajukuu, nao hawatakuwa na haja ya kumwuliza mtu mpaka wao uko wapi.